Shikamoo ya Bi Hidaya

Mafiga, Morogoro

Na hilo ulilomalizia nalo kabla hujanikatia simu, dada, kwamba ndoa imenilevya, silikatai. Imenilevya kweli. Naamka asubuhi namkuta Benedikto ameshachemsha maji ya kuoga, ameyachanganya na ya baridi kwa kiasi ninachopenda, na ndoo ameifunika kwa sinia ili yasipoe. Mwanamume mzima, fundi wa kiwandani kule Mzinga, anafunika ndoo kwa sinia kwa ajili yangu. Kama huo ni ulevi, niache nilewe. Lakini lile ulilotanguliza, kwamba mimi hata kuku siwezi kuwaongoza kuingia bandani, hilo silipokei, na ndilo lililonikalisha kuandika. Simu unakata na WhatsApp umenifungia. Barua huwezi kuikata katikati ya sentensi. Unaweza kuichana, ila itabidi uishike kwanza.

Shikamoo. Natumaini miguu yako haivimbi tena kwa kusimama kutwa, na kwamba vumbi la malori ya Mikese halijakurudishia kile kikohozi. Wanao nawabusu, hao hawana kosa. Sisi huku ni wazima. Mvua zimeanza milimani, na asubuhi Uluguru yote inakuwa imefunikwa na mawingu mpaka chini. Benedikto anasema mawingu hayo yanashuka kuja kuniangalia mimi. Najua hapo umesonya. Sonya tu, mimi nimeshayasikia na nimeyaweka moyoni.

Ulipoambiwa kwamba mimi si meneja tena, ulicheka. Nilisikia kicheko kile kwa masikio yangu. Sasa nataka ujue ilivyokuwa, toka mwanzo, kwa sababu ulichokisikia ni mwisho wake tu, na hata huo umeusikia kwa watu.

Unakumbuka mama mkwe alivyoteleza akishuka ngazi za kanisa, akavunjika kifundo cha mguu. Kaka zake walikuja kumchukua akapumzike kwao Mgeta. Kabla hajapanda gari alituita sote saluni. Nilikuwa bado natembea na hina ya harusi kwenye vidole. Akasema, mbele ya wasusi wote, kwamba mpaka mguu upone saluni pamoja na kile chumba cha kutunza ngozi tunachokiita kliniki vitakuwa mikononi mwa mke wa Benedikto. Akasema akirudi akaikuta nyumba imesimama, basi uongozi utakuwa wangu moja kwa moja, na yeye atakuwa anakuja kunywa chai tu. Dada, nilitamani kulia. Benedikto alinibana mkono mpaka pete ikaniumiza, na maumivu yale niliyapenda.

Wifi Martina hakunibana mkono. Yeye ndiye binti, amesomea uuguzi, na kile chumba cha ngozi ni yeye anayekiendesha. Wewe mwenyewe unajua kwetu Waluguru mali ya mama inamfuata binti, haimfuati mke wa mtoto wa kiume, na wala hakuwa na haja ya kulisema. Alinitazama kuanzia kwenye hina hadi usoni, akamuuliza mama yake kwa upole kama huko Mgeta atahitaji blanketi la pili.

Ndipo nikakukimbilia wewe. Ningemkimbilia nani mwingine? Wewe ulikuwa umekuja mjini kwa ile semina ya uongozi ya wamiliki wa saluni na kliniki za urembo, ukafikia kwetu. Ulikaa kwenye kochi letu jipya, ukala stroberi ambazo Benedikto alikuwa ameniletea mimi, zote, ukanifundisha. Ukasema mwezeshaji amelisisitiza jambo moja kuliko yote, nalo ni kwamba kiongozi hana ndugu kazini. Undugu ndio unaoua biashara zetu. Msusi akikuita mdogo wangu leo, kesho atachelewa, kwa sababu anajua mdogo wake hawezi kumkemea. Kwa hiyo, ukasema, ondoa dada, ondoa wifi, ondoa shangazi, ondoa bi. Kila mtu aitwe kwa jina lake tupu, na wewe wakuite Meneja. Na shikamoo iishie nje ya mlango, maana mfanyakazi ukishamwamkia umeshampigia magoti.

Nikakuuliza, hata Bi Hidaya? Ukanijibu, nayakumbuka maneno yako vizuri, kwamba huyo ndiye wa kuanza naye.

Sikubisha. Kidato cha nne nilikimaliza kwa sababu yako, kusuka umenifundisha wewe, hata kutembea nadhani ni wewe. Jumatatu nikaingia saluni na viatu vyangu vya kisigino. Bi Hidaya alikuwa ameshafungua, yuko nyuma ya kiti anamchambua mteja nywele. Yule mama, kama hujamsahau, ana umri wa kumzaa mama yetu mdogo. Kila siku nilikuwa naingia nainama kidogo, nasema shikamoo Bi Hidaya, naye anasema marahaba mwanangu, umelala? Siku hiyo nikapita nikasema, habari za asubuhi, Hidaya. Chanuo likasimama kichwani mwa mtu. Hakugeuka. Alinitazama kwenye kioo, nami nikamtazama kwenye kioo, kisha chanuo likaendelea. Saa ya chai nikawatangazia wote utaratibu mpya. Nilieleza vizuri, dada, nilitumia hata lile neno lako la weledi. Walinisikiliza mpaka mwisho. Bi Hidaya akasema, sawa, Meneja.

Tangu hapo sikusikia kingine. Sawa, Meneja. Chai ya Meneja imepoa. Meneja, kuna nzi amekaa kwenye bega la Meneja, tumfukuze au tusubiri kikao? Wasichana wa kusuka walikuwa wakinipisha mlangoni wakiwa wameinamisha vichwa kama napita na jeneza. Wakicheka na mimi nikiingia, wananyamaza. Mteja akiomba apunguziwe bei ya msuko wa twende kilioni wanamwambia hapa hatuna ruhusa, muulize Meneja, na mimi niko hatua mbili tu natazamwa. Naye wifi Martina, Jumapili, mezani, mbele ya mume wangu na wageni, akasema, Meneja, naomba chumvi. Benedikto akacheka, maskini, akidhani ni utani wa mawifi kwa bibi harusi. Akanibusu kwenye paji la uso akasema nina bahati, nyumba hii wananipenda. Nilikula wali ule kama nakula mchanga.

Nikakutumia ujumbe nikakuambia hali ni mbaya. Ukanijibu nikaze, kwamba wananipima tu, na nikilegea sasa nimekwisha. Nikakaza.

Sasa sikiliza ya Mwanahawa. Huyo ni binti aliyekuwa anaolewa, aliletwa na shangazi zake kuja kusuguliwa mwili kwa singo na kupakwa hina. Saluni ya mama mkwe inaishi kwa maharusi, na maharusi wanakuja kwa sababu ya Bi Hidaya, ambaye ndiye somo wao. Yeye ndiye anayewafunda, anayewafungia mlango na kuwaambia mambo ambayo mama zao wanaona aibu kuyasema. Mimi hilo nililijua, ila nililijua kama mtu anavyojua bei ya kitu, sikujua uzito wake. Shangazi wale walipoingia nikasimama pale mezani nikaita kwa sauti, Hidaya, mteja wako amefika.

Shangazi mmoja, mnene, ana jino la dhahabu, akaniuliza ninamwita nani hivyo. Nikasema namwita Hidaya. Akauliza kama nimenyonya naye. Hapo ndipo ningenyamaza, lakini maneno yako yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikamjibu kwamba hapa ni kazini, hapa hakuna bibi wala shangazi.

Yule mama akafunga khanga yake vizuri, taratibu. Akasema basi kama hapa hakuna bibi wala shangazi, hapa hakuna harusi, kwa sababu harusi ni wao hao. Akamwambia binti asimame. Sisi tukijibizana, wasichana walikuwa wameshamvua binti viatu, mguu mmoja umo kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Akatoka na mguu mmoja umelowa. Mlangoni yule shangazi akageuka akamwambia Bi Hidaya kwamba wao hawawezi kumketisha mwari wao mahali ambapo somo wake anaitwa kama mbuzi aliyepotea.

 Bi Hidaya alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya draya. Akaniaga. Alisema, kwaheri, Meneja, na safari hii hakuwa na kejeli, na hilo ndilo lililonikata. Kabla ya jioni simu zikaanza, harusi hii imeahirisha kuja, ile imepata pengine. Wasichana wawili waliomwita Bi Hidaya mama hawakuja kesho yake. Wifi Martina alifunga chumba chake cha ngozi saa za kazi, akakaa kwenye kiti cha wateja akanitazama nikifagia. Akasema nyumba imesimama kweli, tena imesimama peke yake.

Nilimlilia Benedikto kifuani. Hakunilaumu. Alinitengenezea uji, akaupoza kwa kuumwaga kikombe hiki na kile, akaniambia mama yake ni mtu wa haki, nimweleze tu ukweli ulivyo.

Mama mkwe akateremka na fimbo yake. Alituketisha saluni, milango imefungwa, na Bi Hidaya aliitwa akaja, akakaa kando. Mama mkwe hakupayuka, angepayuka ningepumua. Akasema kwamba amesikia habari ya majina na habari ya shikamoo, na kwamba yeye ameongoza saluni hii tangu ikiwa kibanda cha mabati, amemfukuza mwizi na amemfukuza mlevi, lakini kila asubuhi alianza kwa kumwamkia Bi Hidaya, kwa sababu Bi Hidaya alimtangulia kuzaliwa. Akasema mtu akishaamkiwa vizuri asubuhi, unaweza kumwambia jambo lolote zito mchana. Kisha akauliza swali moja tu, kwamba wazo hili ni la nani.

Wifi Martina alidakia. Nilikuwa sijui, dada, kwamba naye alikuwepo kwenye semina ile, alitumwa na mama yake. Akasema mwezeshaji hakufundisha kitu kama hicho, wala hakusogelea. Tena siku ya pili aliwafundisha kwamba kiongozi akiingia asubuhi yeye ndiye aanze kusalimia, hata mfagiaji. Akasema, dada yake Winfrida huyu alikaa meza ya mbele kabisa, kalamu mkononi, alisikia kama mimi nilivyosikia. Akanigeukia, akauliza, si dada yako ndiye aliyekufundisha? Sema tu, wifi. Na mama mkwe naye akaongeza, kwa sauti ya huruma, kwamba kama nimepotoshwa na mtu nimtaje, maana aliyepotoshwa hurudishwa njiani, lakini aliyetunga mwenyewe lazima akae chini ajifunze upya.

Yaani mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema jina lako, ningebaki meneja.

Nikasema, ni langu. Nilitunga mwenyewe, dada yangu Paskalia hahusiki.

 Mama mkwe akasema basi Bi Hidaya ndiye kiongozi wa saluni, Martina abaki na chumba chake, na mimi nitaosha vichwa na kukaa chini ya Bi Hidaya mpaka Bi Hidaya mwenyewe aseme nimeiva. Wifi Martina siku hizi ananiita Meneja Mstaafu. Huo ndio mwisho ulioucheka wewe.

Sasa lipo lile usilolijua kwamba nalijua.

Siku moja kabla mama mkwe hajashuka, nilikwenda nyumbani kwa Bi Hidaya. Nilivua viatu mlangoni, nikapiga magoti kweli, nikasema shikamoo. Hakuniitikia mara moja. Alinipa kigoda, akanipa na maji, halafu akaniambia kwamba yeye alikuwa anaisubiri siku ile. Nikashangaa. Akasema alipigiwa simu na mtu wa Mikese, wiki nzima kabla sijaingia na viatu vyangu vya kisigino. Mtu huyo alimwambia, muda si mrefu yule binti ataacha kukuamkia, utaona, atakuita jina lako tupu mbele za watu. Siku hiyo usijisumbue kugombana naye, beba chanuo lako uje kwangu, kiti chako kipo, na maharusi watakufuata tu, Mikese si mbali. Bi Hidaya alikuwa hajaamini. Akasema niliposema habari za asubuhi, Hidaya, hakuumizwa na neno lile kwanza, alishangaa jinsi lilivyokuja vilevile, kama alivyoahidiwa.

Hakuhitaji kunitajia jina. Mwanamke mwenye saluni Mikese na mdogo wake yuko Mafiga ni mmoja.

Nilimuuliza kwa nini basi hakwenda. Akasema mtu anayeweza kumfundisha mdogo wake wa tumbo moja kutukana, ili yeye amwokote aliyetukanwa, atamfanya nini mzee wa watu siku mikono itakapoanza kutetemeka? Nikamwomba asiseme. Akasema hilo ni la ukoo wangu, ni langu kulisema au kulinyamazia, yeye hana mdomo hapo. Na siku ya kikao, niliposema ni langu, nilimwona kwenye kioo ananitazama. Kesho yake nilipomwamkia alinijibu marahaba mwanangu, kisha akaniambia maji ya kuoshea vichwa niyapime kwa kiwiko, si kwa kiganja.

Tangu hapo namtazama anavyoongoza. Juzi msichana mmoja alimchoma mteja sikio kwa draya. Mimi ningepiga kelele, na wewe ungemfukuza hapohapo. Bi Hidaya alikwenda akasimama katikati yao, akamwomba radhi mteja yeye mwenyewe kana kwamba ni mkono wake, akampaka dawa, akamaliza kichwa kile kwa mikono yake. Halafu akamwita msichana nyuma ya pazia. Alichomwambia hatukukisikia, ila alitoka macho mekundu na tangu siku hiyo anashika draya kama anashika mtoto mchanga. Najifunza, dada. Najifunza kwa mwanamke uliyetaka kuninyang'anya.

Na usidhani nilikulinda kwa kukupenda. Siku nilipoandika mstari wa kwanza wa barua hii nilikuwa sikupendi hata kidogo. Nilikulinda kwa sababu siku ya mahari wewe ndiye uliyekaa kwenye mkeka mahali pa marehemu mama. Wakwe zangu wakiambiwa kwamba aliyekaa mahali pale ndiye aliyenichimbia, watauliza nimetoka kwa watu gani, na watakuwa na haki ya kuuliza. Jina nililolifunika ni la mama. Lako limejificha humohumo.

Benedikto sijamwambia. Anaamini wazo lilikuwa langu, amenisamehe nalo, na jana ameniletea stroberi nyingine akasema hata viongozi wakubwa hukosea. Ninamwambia kila kitu, hata ndoto. Hili ndilo jambo la kwanza ninalomficha mume wangu, na nimelificha kwa ajili yako, na kila anapofunika ile ndoo linanichoma. Kwa hilo peke yake nina haki ya kukuchukia mpaka mvua hizi ziishe.

Nisalimie majirani zako, na yule mama wa kuuza mahindi ya kuchoma mbele ya saluni yako. Wanao uwaambie mama mdogo anawakumbuka. Benedikto anakuamkia, anasema shikamoo shemeji, na ameniuliza mara mbili mbona siku hizi hupigi simu. Nimemwambia una kazi nyingi. Barua hii anakuletea Godfrey, yule wa lori la mboga, nami nimemwambia akupe mkononi, asiiache kwa mtu.

Mwezi huu hautaisha kabla sijafika kwako. Bi Hidaya ameshanipa ruhusa ya siku moja. Nitakuja peke yangu, ili usilazimike kumdanganya mume wangu usoni. Usipike kwanza. Nitakaa, utaniambia kama ulimtaka Bi Hidaya tu, au ulitaka mimi nishindwe. Ukishanijibu, ndipo nitajua kama nitakula kwako.

Mdogo wako,
Winfrida, mke wa Benedikto